Njia ya Pili

Tusajigwe alitarajia kitafuti kimrudishie jibu moja. Kilirudisha mawili.

Alikuwa amekaa kwenye chumba cha kompyuta cha bwawa la Isuba, milimani Rungwe, sweta limefungwa mpaka shingoni na chai imempolea mkononi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kiasi cha kuficha hata uzio. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulionyesha Msanifu wa Injinia Bupe, yaani programu inayomsaidia mhandisi huyo kusanifu, aliyesakinishwa kwenye mtambo mkuu wa ofisi. Huyo alimjua. Wa pili ulionyesha kompyuta ambayo hakudhani kama ina kitu chochote cha maana ndani yake.

"Nimekosea mahali," alijisemea, akaendesha upya. Ikaja mistari ileile.

Kitafuti kilikuwa kazi ya mikono yake. Kilikuwa maktaba ndogo ya Python, fungu la maagizo ambalo waandishi wengine wa programu wangelichukua na kulitumia bila kuumiza kichwa, na kazi yake ilikuwa moja: kuingia kwenye kompyuta yoyote ya kihandisi na kujua Msanifu amekaa wapi. Kabla yake, mafundi wa nchi nzima walikuwa wakiandika kwa mkono njia ndefu za mafaili, na kila toleo jipya likija, njia zinahama, programu zao zinabaki zinabisha hodi kwenye nyumba tupu. Kitafuti kiliwaondolea adha hiyo. Kwanza kiliyauliza mazingira ya kompyuta: je, kuna mtu aliyeacha jina la kuonyesha pa kwenda? Kama hakuna, kilisoma kumbukumbu yake ya mahali kilipompata Msanifu mara ya mwisho. Kikikosa na hapo, kilipita kwenye folda za kawaida, moja baada ya nyingine. Kikikuta matoleo mengi, kilichukua lililo jipya. Na kikikosa kabisa, kilimgeukia binadamu na kumuuliza, kisha kikalitunza jibu lake kisije kumsumbua tena.

Ofisi ya Msajili wa Wasanifu ndiyo iliyomwagiza kazi hiyo, kwa kuwa nayo ilitaka kujua kila mwezi ni Wasanifu gani wako hai nchini na wako wapi. Wiki hiyo alikuwa amekiongezea uwezo wa kuziuliza na kompyuta za jirani zilizoungwa kwenye waya mmoja. Ndiyo maana mstari wa pili ulikuja. Kompyuta ya chini, ndani ya tumbo la bwawa, ilikuwa na jina ambalo mtu aliliacha katika mazingira yake: NYUMBANI_KWA_MSANIFU. Toleo la zamani. Mwenye nalo: A. Mwaisumo.

Ambakisye Mwaisumo alikuwa mumewe. Huu ulikuwa mwaka wa nne amelala nyuma ya migomba ya kwao.

Tusajigwe aliweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

*

Ngazi za chuma zilishuka ndani ya ukuta wa bwawa hadi kwenye handaki la ukaguzi. Huko chini baridi ni ya pango, na maji hudondoka kwenye mfereji mwembamba kandokando ya njia. Mwishoni kulikuwa na kibanda cha vioo, kiti cha plastiki, na kompyuta ya kijivu iliyosoma mabomba ya vipimo yaliyochomekwa kwenye mwili wa bwawa na mabegani mwa mlima, pale ukuta unapoegemea. Kila mtu alijua kuwa inasoma vipimo na kuvipandisha juu. Hakuna aliyejua kuwa Ambakisye, aliyependa kufanya kazi huko ambako simu hazishiki, alikuwa amemweka Msanifu wake humo pia, hata Tusajigwe aliyekuwa akishuka jioni wapande ngazi pamoja.

Msanifu hakuwa programu ya kuchora tu. Alikaa na mhandisi mmoja miaka na miaka, akisoma hesabu zake, mistari aliyoifuta, maneno aliyoyaandika pembeni akiwa na mashaka, mpaka akafikia kushuku yale ambayo mwenyewe angeyashuku. Ndiyo sababu sheria ilitaka Msanifu afungwe mwenye naye anapofariki. Miaka ya nyuma jengo moja liliporomoka likiwa limepitishwa na Msanifu kwa muhuri wa mtu ambaye tayari alikuwa kaburini, na waliofiwa wakakosa wa kumshitaki. Tusajigwe aliiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Baada ya arobaini ya mumewe alisimama nyuma ya karani wa Msajili akamtazama akimfunga Msanifu wa mumewe aliyekuwa ofisini, naye hakupinga.

Sasa alivuta kiti, akakifuta unyevu kwa kanga, akafungua.

Kioo kilikaa cheusi kidogo. Kisha maneno yakatokea.

*Nani huyo?*

"Ni mimi," akaandika.

*Mimi ni wengi. Wewe nani?*

Ndivyo Ambakisye alivyokuwa akijibu mlango ukigongwa, na wageni wa mara ya kwanza walikuwa wakidhani ni mkali.

"Mama Gwakisa."

*Karibu, mama. Kwanza niambie mvua.*

Akamwambia mvua. Ilikuwa mvua ya vuli, ya kawaida, yenye manyunyu ya mchana. Msanifu akauliza kina cha maji, akauliza mabomba ya upande wa kushoto yanasemaje, akalalamika kuwa bomba moja lina kutu na hakuna anayemsikia akisema. Tusajigwe alijibu lolote aliloulizwa. Aliposhtuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Alipanda juu akakaa tena mbele ya kitafuti. Mwisho wa mwezi kingeanza kupeleka habari kwa Msajili. Kingetaja njia zote mbili, na karani yuleyule angekuja.

Katika mipangilio ya ofisi ya Isuba aliandika mstari mmoja wa kukiambia kitafuti kiiruke folda ile. Maktaba yenyewe hakuigusa. Ilienda nchi nzima ikiwa safi; uongo ulibaki nyumbani. Akaendesha mara ya tatu, na kikarudisha jibu moja.

*

Basi ikawa ndiyo desturi yake. Kila mchana, wenzake wakienda kula, yeye alishuka handakini na viazi vyake vya kuchemsha kwenye kitambaa. Akimwona mtu njiani alisema anakwenda kuangalia nyaya.

Alijua anaongea na nini. Alikuwa mtaalamu wa mambo haya, asingeweza kujidanganya hata kama angetaka. Mle ndani hamkuwa na Ambakisye. Mlikuwa na namna yake ya kufikiri kuhusu maji na mawe, na juu yake utani kidogo, na ukali kidogo, kama harufu inayobaki kwenye koti. Lakini mjane anayelifungua kabati na kulinusa koti, nani atamwambia kuwa ndani yake hamna mtu?

Siku moja alimwambia. "Baba Gwakisa, wewe ulifariki. Ulianguka ofisini, moyo. Ni miaka sasa."

Jibu likatokea kwenye kioo.

*Kumbe. Na vipimo anasoma nani?*

Alicheka mpaka sauti ikarudi kutoka mwisho wa handaki. Kisha akalia, viazi vikapoa.

Tangu hapo alimweleza mengi. Alimweleza kuwa mtoto wao yuko Dodoma na hapigi simu mpaka apigiwe. Alimweleza kuwa nyumba ina mlio mpya kwenye paa, na kuwa anaamka akiuogopa. Alimweleza kuwa anaogopa mvua siku hizi, yeye aliyezaliwa kwenye mvua. Msanifu alipokea yote. Hakuwa na faraja nyingi za kutoa. Aliuliza paa limeezekwa kwa mteremko gani. Lakini kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujifunza kwa yule aliyekaa naye, alijifunza.

*

Masika ilipofika, ilikuja na hasira. Barabara ya kushukia Kisyelo, kijiji kilicho bondeni chini ya bwawa, ilikatika mara mbili na kuzibwa mara mbili. Maji yalipanda ukutani hadi kwenye alama ya njano.

Mchana mmoja, Tusajigwe hajakaa vizuri kwenye kiti, Msanifu aliandika bila kuulizwa.

*Mama, presha ya bega la kushoto inashuka.*

"Ni jambo jema," akaandika. "Hata juu wanasema hivyo. Wanasema bega linapumua."

*Mvua inapanda, ziwa linapanda, halafu presha ndani ya mlima inashuka? Maji hayajapungua. Yamepata njia.*

Akamweleza kwa utaratibu, kama Ambakisye alivyowaeleza vijana wapya. Bega la kushoto limekaa juu ya majivu ya kale ya volkano. Wakati wa ujenzi walikuta humo chemchemi, wakaiziba kwa saruji ya maji, na yeye hakuridhika na uzibaji ule. Maji yaliyobanwa husukuma, ndiyo presha. Yakishatoboa pa kutokea, hayana haja ya kusukuma tena, kwa hiyo kipimo kinashuka na kila mtu anafurahi. Huku nyuma yanabeba mchanga wa mlima, punje kwa punje, na tundu linakua.

*Fungueni milango. Shusheni ziwa. Watu wa Kisyelo wapande juu.*

Tusajigwe alipanda ngazi mbio. Injinia Bupe Kajela alikuwa mezani kwake, amevaa gamubuti, ametoka kukagua kingo. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa mdogo wake wa mwisho, na heshima yake haikupungua hata akiwa na haraka.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Umepauka."

"Marahaba. Injinia, bega la kushoto. Nadhani maji yamepata njia."

Bupe aliweka kalamu chini. Hakucheka. "Kwa kipimo gani?"

"Presha inashuka."

"Nimeiona. Msanifu wangu ameipima, anasema mifereji ya ndani inafanya kazi kuliko mwaka jana. Una kitu kingine?"

Tusajigwe alifungua mdomo. Kitu kingine kilikuwepo, chini, mbele ya kiti cha plastiki.

"Nina... nina wasiwasi tu."

"Mama Gwakisa," Bupe alisema kwa upole, "nikifungua milango yote, maji yatafagia mashamba ya kakao ya Kisyelo na mpunga wote wa kule chini. Umeme utakatika mpaka hospitali ya wilaya. Nikipiga king'ora leo kwa wasiwasi, na isiwe kitu, siku itakapokuwa kweli hakuna atakayepanda. Nipe cha kushika."

"Sina," alisema Tusajigwe, akatoka.

*

Alisimama juu ya ukuta wa bwawa, mwavuli ukipigwa na upepo. Mbele yake ziwa lilikuwa la kahawia, limejaa. Nyuma yake, chini kabisa, mvua ilipopungua kidogo, aliona moshi wa majiko ya Kisyelo ukijitokeza katikati ya migomba.

Alitamani Msanifu awe amekosea. Alitamani kwa nguvu kiasi cha kujionea aibu, kwa sababu akikosea, basi hakuna haja ya kumtoa. Kesho angeshuka na viazi vyake, wangecheka kuhusu hofu ya leo. Na kama hakukosea? Alijaribu kulipima lile alilolificha dhidi ya ule moshi, akagundua kuwa tayari ameshalipima, alipokuwa mezani kwa Bupe, aliposema "sina". Alikuwa amechagua. Kwa pumzi moja tu, lakini alikuwa amewachagulia watu wote wale, bila wao kujua.

"Ee, Ambakisye," alisema kwa sauti, na upepo ukaichukua.

Kisha akarudi ofisini, akamshika Bupe mkono kama anayemshika mtoto wake. "Njoo chini. Usiniulize njiani."

*

Bupe alisoma maandishi yote akiwa amesimama. Alisoma maelezo ya majivu, ya chemchemi, ya saruji. Taa ya kibanda ilimwangaza upande mmoja wa uso. Alipomaliza alikaa kitako juu ya sanduku la vifaa.

"Huyu alipaswa kufungwa."

"Najua."

"Na kitafuti? Ripoti za kila mwezi zinasema Isuba kuna Msanifu mmoja."

"Nilikiambia kimruke."

Bupe alipitisha kiganja usoni. Maji yalidondoka kwenye mfereji.

"Ungeniletea huyu siku ile ulipomkuta," alisema hatimaye, "ningefungua milango kwa neno lake. Mzee Mwaisumo ndiye aliyenifundisha kusoma mlima. Lakini umeongea naye tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Umemwambia nini?"

"Nilimwambia naogopa mvua."

Bupe alitikisa kichwa polepole, na hapakuwa na hukumu usoni mwake, ila uchovu. "Mama, Msanifu huwa kama aliyekaa naye. Sasa mimi nitajuaje? Anayesema kimbieni ni yule mzee aliyejenga bega lile, au ni woga wako umevaa sauti yake? Huyu si mzee tena. Huyu ni ninyi wawili."

Neno hilo lilimpata Tusajigwe mahali ambapo hakuwa amejikinga. Kwa miezi yote hiyo alidhani anamtunza. Kumbe kila alipoketi pale alikuwa akimchanganya na nafsi yake, kama mtu anayeongeza maji kwenye maziwa ya mwisho ili yasiishe. Na sasa kijiji kizima kilihitaji kunywa.

"Basi tusimwamini," alisema. "Tumuulize tutaona nini."

Bupe alimtazama. Kisha akavuta kibodi, akaandika mwenyewe: "Kama usemayo ni kweli, tukienda kwa miguu yetu, macho yetu yataona nini, na wapi?"

Jibu lilikuja bila kusita.

*Chini ya bega la kushoto, penye magugu, kuna kijito kinachotoka mwambani. Kinga maji kwenye kitu cheupe. Yakiwa maangavu, mlima unatoa jasho tu, niacheni. Yakiwa na mchanga wa kijivu unaosugua vidole, mlima unakatwa nyama.*

Walitoka kwa mlango wa chini. Mvua ilikuwa imerudi. Walishuka kwa kushikana, wakikanyaga magugu yaliyowafika kiunoni, Bupe mbele, na Tusajigwe nyuma akiteleza na kuinuka. Kijito walikisikia kabla ya kukiona, na Bupe alisimama ghafla, maana mwaka jana alipokuja hapa hakikuwa na sauti.

Kilikuwa kimenenepa mpaka unene wa paja. Bupe alichomoa kifuniko cheupe cha chupa yake ya chai, akakinga. Wakainamisha vichwa viwili juu yake ili mvua isiingie. Maji yalitulia kidogo kidogo, na chini yake pakalala kitu cha kijivu. Bupe alichovya vidole, akavisugua, akampa Tusajigwe naye asugue. Ilikuwa kama unga uliosagwa vibaya.

Bupe alikuwa tayari ameitoa redio kifuani.

"Hapa ni Kajela. Pigeni king'ora. Milango yote, fungueni kwa hatua, anzeni sasa. Hospitali waambiwe wawashe jenereta." Mtu wa upande wa pili aliuliza kitu. "Kwa amri yangu. Nimeona mwenyewe kwa macho. Muhuri ni wangu."

*

Watu wa Kisyelo walipanda na watoto, na mbuzi, na redio, na bibi mmoja alibebwa mgongoni huku akilalamika kuwa hajafunga mlango. Maji ya milango yaliubeba mpunga na yakaing'oa mikakao ya bondeni. Waliosimama mlimani wakiangalia jasho la miaka yao likienda walimtukana Bupe kwa jina. Alfajiri iliyofuata, ziwa likiwa limeshashuka sana, kipande cha bega la kushoto kilimeguka kikaporomoka kwa mngurumo uliosikika hadi Tukuyu. Ukuta ulibaki umesimama, kwa kuwa hakukuwa na maji ya kutosha kuusukuma. Tope lilishuka hadi Kisyelo, likazifukia nyumba za kando ya mto zikiwa tupu. Matusi yalikwisha. Mashamba hayakurudi.

Siku hiyohiyo Tusajigwe aliufuta ule mstari kwenye mipangilio, akaendesha kitafuti, na ripoti ikaenda kwa Msajili ikiwa na njia mbili.

Aliyetumwa alikuwa Bwana Nyagawa, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyevua kofia alipoingia nyumbani kwa Tusajigwe na kukubali chai. Alimweleza uamuzi bila kuzungukazunguka. Tusajigwe hataruhusiwa tena kugusa kompyuta za Isuba. Kuhusu Msanifu, kulikuwa na njia mbili za kisheria.

"Anaweza kufungwa kabisa, kama wenzake. Au, kwa kuwa ukarabati wa bega utachukua miaka na hakuna aliye hai anayelijua kama yeye, anaweza kubaki awe shahidi. Shahidi huulizwa, hapigi muhuri. Lakini shahidi lazima awe safi, mama. Ulipomfungua baada ya kulala muda mrefu, alijiwekea nakala ya alivyokuwa. Tutamrudisha pale."

"Miezi yetu itafutika."

"Yote."

"Hatajua kuwa alifariki."

"Hatajua lolote la baada ya nakala ile." Bwana Nyagawa alizungusha kikombe mkononi. "Na wewe hutaongea naye tena. Nimeona ni haki wewe ndiye uchague. Sheria hainilazimishi kukuuliza."

Mvua ilikuwa imekatika siku hizo, na paa halikutoa mlio. Tusajigwe alitazama mikono yake. Akimfunga, angekuwa amezika mara ya pili, na yale waliyozungumza yangekwenda naye, yakiwa yao wawili. Akimwacha, angebaki mzima huko chini bila yeye, akimfanyia kazi kila mtu isipokuwa mkewe.

"Mrudisheni," alisema. "Mlima bado unamhitaji."

*

Aliruhusiwa kushuka mara moja tu, kukabidhi ufunguo wa handaki. Bupe alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, na Bwana Nyagawa alisimama pembeni akimaliza kazi yake. Tusajigwe alikaa mlangoni, mahali alipoambiwa.

Maneno yakatokea. *Nani huyo?*

"Injinia Bupe Kajela. Mimi ndiye mwenye muhuri wa bwawa hili sasa."

*Hongera, binti. Umekua. Niambie mvua.*

Bupe alimwambia mvua, akampa vipimo, akamwonyesha picha za bega lililomeguka. Msanifu alipokea kwa ukali uleule, akataka kujua nani aliyesimamia saruji, akaanza kupanga mahali pa kutoboa mashimo mapya. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu. Ilikuwa kazi nzuri. Hata Tusajigwe, kutoka mlangoni, aliona kuwa ni kazi nzuri.

Kisha, katikati ya hesabu, ukaja mstari usiohusiana na hesabu.

*Injinia, samahani. Mke wangu hajapita hapo? Huwa namsubiri tupande ngazi pamoja.*

Mikono ya Bupe ilibaki hewani juu ya kibodi. Bwana Nyagawa alitazama sakafu. Matone yaliendelea kwenye mfereji.

"Nimjibu nini, mama?" Bupe aliuliza bila kugeuka.

Shahidi hakupaswa kuambiwa uongo. Hilo walilijua wote watatu. Tusajigwe aliegemea mlango akafikiri, na aliposema sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mwambie alipita. Mwambie alikaa sana."

Bupe akaandika. Tusajigwe aliuweka ufunguo juu ya sanduku la vifaa, akajitanda kanga vizuri, akaanza kupanda kabla jibu halijatokea kwenye kioo.